Nani Atalinda Nyumba Isiyo na Paa?

Ndugu wasomaji, tuanze na jambo dogo lililotokea katika parokia yetu huku Kasongo, maana mara nyingi jambo dogo hufungua jambo kubwa.

Usiku mmoja wa wakati wa mvua, tufani ilipita juu ya kijiji kimoja, ikaezua nyumba nyingi. Mabati yaliruka gizani kama majani makavu ya mgomba. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Kulipokucha kila mwenye nyumba alitoka kutafuta paa lake. Katika avenyu ya kwanza watu walikwisha kuyaokota mabati na kuyakusanya chini ya mwembe. Kila mtu alikuja, akatambua yake kwa kutu na kwa matundu ya misumari, akaenda zake. Katika avenyu ya pili, mwendo wa hatua mia mbili tu, mambo yalikuwa mengine. Mama mmoja mjane, aliyekimbia vita upande wa Kabambare na kukaa pale kwa miaka miwili, alitafuta mabati yake kumi na mawili, akapata matatu. Yale tisa aliyaona baada ya juma mbili. Yalikuwa sokoni, yakiuzwa.

Upepo ulikuwa mmoja. Umaskini wa avenyu hizo mbili ni mmoja, na mahubiri wanayosikia siku ya Dominika ni yale yale. Kwa nini basi hapa mali ilirudi kwa mwenyewe, na pale ikapotea? Swali hili twataka kulichungua leo. Maafa yanapovunja milango na kuangusha kuta, ni kitu gani kinachozuia wizi? Tena, je, jirani anao wajibu wa kulinda mali ya jirani yake, au akifanya hivyo ni hisani tu?

MLIMA ULIOTOA MOTO

Tutazame kwanza maafa makubwa kuliko tufani yetu. Siku ya 17 Januari 2002, mlima wa Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukashuka mpaka Goma, ukapita katikati ya mji, ukaishia ndani ya Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea, pamoja na maduka na maelfu ya nyumba. Watu laki tatu na zaidi wakakimbia, wengi wao wakavuka mpaka kwenda Gisenyi katika Rwanda. Lakini hawakukaa huko. Baada ya siku chache, mawe yangali yakitoa moshi, maelfu walikuwa njiani wakirudi. Walikuwa na sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba walisikia habari za wezi kuingia katika nyumba zilizoachwa. Siku ya 21 Januari watu walikuwa wakichota mafuta katika kituo cha petroli kilichozungukwa na mawe ya moto. Mafuta yakawaka, na makumi ya watu wakafa papo hapo.

Miaka 19 baadaye, jioni ya Jumamosi 22 Mei 2021, mlima ulipasuka tena. Watu zaidi ya 30 walikufa, na katika mbio za usiku ule watoto zaidi ya 150 walitengana na wazazi wao. Kisha, siku ya 27 Mei, wakubwa wa serikali waliamuru mitaa 10 ya mji ihame, kwa kuogopa moto usije ukatokea chini ya ardhi au chini ya ziwa. Wengine walikwenda Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda meli kwenda Bukavu. Lakini katika jamaa nyingi baba au kijana mkubwa alibaki, au alirudi mchana kuangalia nyumba.

Tufikiri kidogo juu ya baba huyo. Ardhi inatetemeka chini ya miguu yake. Ameambiwa kwamba moto waweza kutoka mahali popote, saa yo yote. Hata hivyo amekaa mbele ya mlango wake, kwa ajili ya kitanda, cherehani, magodoro mawili na gunia la maharagwe. Tusimcheke! Vitu hivyo ni jasho la miaka kumi. Hofu ya mwizi imeshinda hofu ya moto.

Ndiyo maana twasema kwamba wizi wa wakati wa maafa ni dhambi nzito kuliko inavyoonekana. Huyo mwizi huchukua godoro, na pamoja na godoro huchukua uhuru wa watu kukimbia na kuokoka. Mtu asiye na jirani wa kumwamini hukaa na mali yake penye hatari. Mwenye jirani wa kuaminika huwabeba watoto, akaenda.

NI NJAA AU NI WIZI?

Hapo wengine watasema: "Mwalimu, mnawaonea maskini. Mwenye njaa hana mwiko." Neno hili lina ukweli ndani yake, nasi yatupasa kulipima vema.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mali ya dunia Mungu aliiumba kwa ajili ya watu wote, hivi kwamba mtu aliye katika shida kuu na ya wazi, asiye na njia nyingine, aweza kuchukua cha mwingine kinachomtosha kuokoka, wala hatendi dhambi ya wizi. Mama aliyepotewa na yote katika mafuriko ya Luama, akiingia katika duka lililoachwa na kutwaa kibaba cha unga kwa ajili ya watoto wake wanaolia, Kanisa halimwiti mwizi.

Lakini wale waliobeba mabati tisa usiku, wakayaficha juma mbili, wakayapeleka sokoni, njaa yao iko wapi? Bati haliliwi. Tena walimnyang'anya aliye maskini kuliko wao. Shida ya watu wote wameifanya kuwa faida yao wenyewe. Tuongeze jambo moja: mfanya biashara anayepandisha bei ya chumvi mara tatu siku ya pili ya maafa, na ajichunguze pia kabla ya kuwanyoshea kidole vijana wa usiku. Na mwenye ghala iliyojaa mpunga ajue kwamba akifungua ghala yake mapema, amewaondolea wengi kishawishi cha kuiba.

MACHO NA KINYWA

Turudi sasa kwenye avenyu zetu mbili. Tuliuliza habari, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Katika avenyu ya kwanza watu wamelia matanga pamoja kwa miaka mingi. Akina mama wana likelemba yao, kila juma wanachangiana. Kuna wakristu, kuna waislamu, kama ilivyo desturi ya Kasongo tangu zamani, na siku ya Noeli na siku ya Idi sahani za wali hupita juu ya ua pande zote mbili. Pale kila mtu analijua paa la mwenzake. Kijana akipita na bati begani, ataulizwa na watu watatu kabla hajafika kwenye kona: "Mwanangu, hilo ni la nani? Walipeleka wapi?" Watu wa kale walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi twaongeza: na mwizi unayemjua kwa jina la mama yake, huona haya kuiba mbele yako.

Katika avenyu ya pili watu wametoka huku na huku, na kila mmoja amejifungia katika ua wake. Yule mjane alijulikana kwa jina moja tu: "mama wa kuja". Mabati yake yalipoanguka kiwanjani, machoni pa watu yalikuwa mabati yasiyo na mwenyewe.

Lakini angalieni sana, ndugu wasomaji. Haikuwa kwamba hakuna aliyeona. Watu wanne walikiri kwetu kwamba waliwaona vijana wakibeba mabati yale alfajiri. Mmoja alisema: "Hayakuwa yangu." Mwingine: "Niliogopa watanichukia." Macho yalikuwapo, ila kinywa kilikosekana.

Jambo hili limechunguzwa hata na wataalamu wa nchi za mbali. Katika mji wa Chicago, huko Marekani, mwaka 1995 waliulizwa watu 8,782 wa mitaa 343. Waliulizwa kama wanaaminiana, na kama majirani wataingia kati wakiona watoto wakiharibu vitu au watu wakipigana mbele ya nyumba. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997. Palipokuwa na watu wanaoaminiana na walio tayari kuingia kati, ukatili ulikuwa mdogo kuliko katika mitaa mingine yenye umaskini ule ule. Basi kusalimiana asubuhi ni kwema, lakini hakutoshi. Yafaa salamu izae uthabiti wa kusema: "Acha, hicho si chako."

NI WAJIBU AU NI HISANI?

Sasa tumefika kwenye swali gumu. Wale wanne walioona na kunyamaza, je, wana deni kwa mjane?

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa orodha ya Mtakatifu Tomaso ya watu wanaoshiriki dhambi ya mwizi: anayeamuru, anayeshauri, anayekubali, anayesifu, anayempokea mwizi au mali yake, anayeshiriki tendo lenyewe, anayenyamaza, asiyezuia, na asiyefichua. Si wote wenye deni sawa la kurudisha mali. Aliyeamuru wizi anadaiwa. Aliyempokea mwizi na kuficha vitu vyake anadaiwa. Asiyezuia anadaiwa ikiwa aliweza kuzuia na ilimpasa kuzuia, kama mkubwa wa nchi aliyepewa kazi ya kulinda haki.

Kwa hiyo shefu wa avenyu aliyelala usingizi siku ya maafa, na askari aliyegeuza uso, hao haki yenyewe yawadai. Aliyeachiwa ufunguo na jirani yake, akasema "nenda, nitaangalia", naye anadaiwa kwa haki, maana ametoa neno lake. Na anayenunua sokoni bati lenye matundu ya misumari kwa robo ya bei, juma mbili baada ya tufani, bila kuuliza limetoka wapi, asiseme: "Mimi nimenunua kwa fedha yangu." Amekuwa mwenzake mwizi. Kama hakuna mnunuzi, mabati yale yangeoza mafichoni.

Na yule jirani wa kawaida, asiyepewa ufunguo wala cheo? Kwa kipimo cha haki kali, huenda hadaiwi bati hata moja. Lakini Bwana wetu hakutupa kipimo hicho peke yake. Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi waliopita kando hawakumpiga yule mtu wala hawakumwibia. Waliona, wakapita. Hakuna mahakama ya dunia ingewahukumu, lakini kila mtoto wa katekisimu anajua kwamba walikosa. Kwa hiyo twasema kwamba siku ya kawaida kulinda mali ya jirani ni wema. Siku ya maafa, wakati mlango wake umeanguka na yeye hayupo, nawe umesimama hapo na waweza kusema bila hatari ya uhai wako, ni wajibu wa upendo, na wajibu wa upendo ukiachwa ni dhambi kweli.

Tunasema "bila hatari ya uhai", maana hatumtumi mtu akapigane mikono mitupu na wenye bunduki. Nchi yetu imewajua hao mno. Hapo kazi ya jirani ni kuokoa watu, kukumbuka aliyoyaona, na kuyasema kwa wakati wake.

HATARI YA UPANDE WA PILI

Lakini mtaa wenye umoja waweza nao kutenda uovu mkubwa. Katika miji ya mashariki ya nchi yetu twajua habari za watu walioshikwa kwa kelele ya "mwizi!", wakapigwa, wakachomwa moto kabla hawajaulizwa hata jina. Waliofanya hivyo walikuwa majirani wanaojuana vema. Umoja wao ulikosa sheria ya Mungu, ukawa umoja wa mbwa mwitu. Na aliyekufa, mara ngapi alikuwa mgeni tu, ambaye hakuna aliyeweza kusema: "Namjua huyu"?

Wakati wa maafa hatari hiyo huzidi, kwa sababu uvumi hukimbia kuliko maji. Mji wa New Orleans, huko Marekani, ulipigwa na tufani kuu siku ya 29 Agosti 2005. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na sehemu nne katika tano za mji zikafunikwa. Zikaenea habari za mauaji na unyang'anyi kila mahali, na nyingi zilionekana baadaye kuwa uvumi. Siku ya 4 Septemba, maaskari walioitwa kwa habari ya watu wenye kupiga risasi waliwafyatulia raia sita wasio na silaha juu ya daraja, wakaua wawili. Hofu ya wezi iliwaua watu ambao maji yaliwaacha hai.

Katika mji ule ule tuna mfano mwingine wa kututia moyo. Upande wa mashariki kuna parokia ya Maria Malkia wa Vietnam, ya watu waliowahi kukimbia vita vya nchi yao. Maji yaliwatawanya tena. Paroko wao, Padri Vien The Nguyen, aliwafuata katika kambi na miji walikohifadhiwa, na mwezi wa Oktoba Misa ilisomwa tena katika parokia. Shirika la umeme liliuliza kama kuna watu wa kutosha waliorudi. Paroko akapeleka orodha ya majina. Watu wale walirudi mapema kuliko mitaa mingi ya mji. Walijuana kwa majina tangu zamani, kwa hiyo waliweza kuitana. Na avenyu iliyorudiwa na wenyewe, ambamo taa zinawaka na watoto wanacheza, haina haja ya kuogopa sana mwizi wa usiku.

KABLA YA MVUA

Ndugu wasomaji, hakuna anayeweza kufanya urafiki wakati paa linaruka. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na vinga hukusanywa mchana. Tufanye nini basi?

Kwanza, tangu mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo, ambazo sisi twaziita mashirika. Tusiyafanye mashirika kuwa mahali pa kusali rozari na kugawana kazi za kufagia kanisa tu. Shirika lijue kila nyumba ya avenyu yake: nani ni mzee asiyeweza kutembea, nani ni mjamzito, nani mjane, nani ni mgeni. Liandike majina hayo, na ya waislamu na ya waprotestanti pamoja, maana tufani haiulizi cheti cha ubatizo.

Pili, tupatane mapema na shefu wa avenyu na wazee wa msikiti. Mtu atasema: "Hatari ikija, jirani naye atakimbia, nani atabaki?" Ni kweli. Ndiyo maana wapatane nani atawaongoza watoto na wazee, na nani, hatari ikipungua, watarudi kwanza kwa zamu kuangalia nyumba zote, wala si kila baba ya kwake. Vitu vinavyookotwa vipelekwe mahali pamoja penye watu wa kuaminika. Mwizi akishikwa, apelekwe kwa wenye amri akiwa mzima.

Tatu, tuweke alama juu ya mabati, milango na baiskeli zetu, na tukubaliane sote kutonunua kitu kisicho na historia.

Na sasa yatupasa kuungama kosa letu sisi wenyewe. Yule mjane alikuja kanisani Dominika zote kwa miaka miwili. Alikaa nyuma, upande wa akina mama. Sisi makatekista tulimwona, na jina lake halikuwamo katika kitabu cha shirika lo lote. Tuliposikia habari ya mabati ndipo tulipouliza anaitwaje. Basi tulipowalaumu wale wanne walioona wakanyamaza, tulijikuta tumesimama pamoja nao.

Mabati matano yalirudi. Kijana mmoja aliyaleta mwenyewe usiku, baada ya mama yake kujua. Manne hayakuonekana tena. Akina mama wa avenyu ya kwanza walitoa zamu moja ya likelemba yao, yakanunuliwa mengine manne dukani, na fundi mmoja mwislamu akayapigilia bila kudai kitu. Mtoto wa mjane anaitwa Yosefu. Siku hizi ukipita pale ukauliza nyumba ya mama wa kuja, watu watakutazama kwa mshangao, wakuambie hawamjui. Uliza nyumba ya Mama Yosefu, watakupeleka mpaka mlangoni.

Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mmoja wetu ajiulize: nyuma ya ukuta wangu anakaa nani, na jina lake ni nani? Asiyejua, na aende akabishe hodi. Mvua za mwaka huu hazijaisha.